Kabla ya Kliniki ya Juni

Jumanne, 6 Mei 2025

Goti limevimba. Kipindi cha tatu nimefundisha nimekaa, watoto wakinifuata mezani na madaftari yao. Klachi haiwezekani. Hilo limekwisha, nisilirudie. Otomatiki.

Ila otomatiki ipi? Hapa Kihagara ukisema otomatiki umemaliza, hakuna anayekuuliza zaidi. Fundi wa Mbinga yeye kaniuliza kabla hata ya salamu kwisha: "Madam, unataka ya gia au ya mkanda?" Nikanyamaza. Akasema, "Kafikirie kwanza. Gari halikimbii."

Ya gia ni gia boksi ya kawaida, gia nne, ya siku nyingi. Ya mkanda ndiyo CVT. Kuna na ya klachi mbili, hiyo amesema nisiulize hata bei.

Mdogo wangu ameahidi nusu ya hela kabla mwezi haujaisha. Kliniki ya Mama ni tarehe 4 Juni, Peramiho. Sitaki tena kumwona amesimama kwenye kosta, ameshikilia kiti cha mtu, na hakuna kijana hata mmoja anayenyanyuka.

Alhamisi, 8 Mei

Mtandao leo umekubali. Nimesoma mpaka macho yanauma. Niandike nilivyoelewa kabla hayajanitoka.

Ya kawaida. Kati ya injini na gia hakuna klachi ya kukanyaga, kuna konveta. Chombo cha duara, kimefungwa, kimejaa oili, na ndani feni mbili zinatazamana. Injini inazungusha moja, hiyo inasukuma oili, oili inazungusha ya pili. Ndiyo maana gari linasimama kwenye D na injini haizimi. Nyuma ya konveta ndiko ziliko gia zenyewe, zinashikwa na kuachiwa na klachi ndogo zilizolowa oili. Oldsmobile ya Marekani iliuza magari ya otomatiki kuanzia modeli za 1940. Miaka themanini na tano. Fundi ana haki ya kuyazoea.

CVT. Gia hakuna kabisa! Hili nimelisoma mara kadhaa ndipo likaingia. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana. Zikisogeleana, mkanda unapanda ukingoni. Zikiachana, unazama katikati. Puli ya injini ikipanua, ya magurudumu inabana, na kinyume chake, taratibu, bila kuruka hatua. Kwa hiyo hakuna ule mshtuko wa gia kubadilika. Mholanzi Hub van Doorne ndiye aliyelifikisha jambo hili barabarani, DAF 600, mwaka 1958, na mkanda wake ulikuwa wa mpira. Wa chuma ulikuja baadaye: mamia ya vipande vyembamba vimepangwa kwenye pete, kimoja kinamsukuma mwenzake. Subaru waliuweka kwenye Justy mwaka 1987.

Kinachonikosesha raha ni hiki. Mkanda ule hauna meno. Unashika kwa kubanwa tu, chuma kwa chuma, na katikati ni utando wa oili. Oili isiyo yake ikiingia mle, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na puli iliyochubuka haina tiba.

Klachi mbili: Honda Fit haibridi ya 2013 ndiyo hiyo, gia saba. Japani kwenyewe zilirudishwa kurekebishwa zaidi ya mara moja. Sawa. Hiyo naifuta.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada shemeji kanishika mkono chini ya mwembe. Ameendesha malori umri wake wote, na manyuo ndiyo dini yake ya pili. "Betri ikilala, shemeji, nani atakusukuma?"

Swali zuri kuliko yote niliyosoma. Manyuo vijana wanne wanaisukuma, unaachia klachi, inawaka. Otomatiki haiwaki hivyo, iwe ya gia iwe ya mkanda, maana pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini imelala, presha hakuna, hakuna kinachoshika. Na ndiyo maana pia haikokotwi magurudumu ya mbele yakiwa chini: yanazunguka ndani, oili haizunguki, unafika gereji na gari limekufa njiani. Waya za kubusti basi. Niandike kwenye orodha ya vya kununua, mahali pa kwanza, kabla ya kapeti na takataka nyingine.

Amenifundisha na kitu nisichokitaka: kupiga frii kwenye mteremko kuokoa mafuta. Weka N, acha lishuke. Nimekataa, na nimekataa nikiwa nimekasirika, kwa sababu ule mteremko wa kutoka Mbinga kuja ziwani naujua. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, injini za siku hizi zinakata petroli zenyewe. Hata hicho kinachookolewa hakipo. Kinachobaki ni breki peke yake, kilomita kwa kilomita, mpaka zinuke. Alicheka, akasema wanawake mna woga. Sikucheka.

Jumatano, 14 Mei

Simu ya Dar. Mdogo wangu amekwishaamua.

Anataka ninunue CVT. "Dada, usininunulie gari la makumbusho." Yake ni CVT, anaipeleka Mbagala na Posta kila siku, kwenye foleni haishtui, haili mafuta, hajawahi kufungua kitu. Namwamini. Mji ule ni tambarare, lami, na akitaka oili yake halisi anavuka barabara tu.

Nikamwambia huku si Mbagala. Akasema barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami yote sasa, kilomita 66, nisijifanye niko porini. Kweli lami ni lami. Lakini ni lami inayoteremka kutoka juu ya mita elfu moja na kitu mpaka ufukweni, na kuna siku ya kushuka na kuna siku ya kupanda. Halafu lami inaishia Mbamba Bay. Kutoka pale mpaka kwangu ni vumbi, mawe, madaraja yale, na masika yakija ni tope.

Nusu ni hela yake. Hakulisema. Mimi ndiye ninayelisikia kila akinyamaza.

Akarukia kuagiza Japani moja kwa moja. Nimemwambia hapana. Gari lililozidi miaka kumi linabebeshwa asilimia 30 ya ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri peke yake, juu ya ushuru wa forodha na VAT, na lisilozidi miaka kumi bei yake hatuifikii. Tunanunua lililokwisha kuingia. Namba D, tukibahatika.

Jumamosi, 17 Mei

Mbinga. Baridi! Nimesahau koti, nimetembea nimejikunyata mji mzima. Kahawa zimeanza kuwa nyekundu kwenye mashamba ya njiani, mwaka huu zimebeba.

Fundi kanipeleka kuona magari matatu. Nilimkuta chini ya Noah, miguu tu ndiyo inaonekana, akanijibu akiwa huko huko. Nampenda huyu mtu kwa jambo moja: haniambii kitu bila kunionyesha.

La kwanza, kigari cheupe, CVT, bei nzuri mno. Tumeondoka nalo kwenye kituo cha mafuta. Lilipoanza kutembea likatetemeka, sekunde mbili tatu, halafu likatulia. Tukasimama, tukaondoka tena. Likatetemeka tena, pale pale. Dalali: "Plagi hizo, Madam." Fundi hakumjibu, aliniangalia tu. Baadaye pembeni akasema plagi zikiwa mbovu injini inatetemeka hata ukipanda, hata ukiwa umesimama. Hii inatetemeka kwenye kuondoka tu. Kitu kinachoshika mwendo ndani hakishiki vizuri. Tumeliacha.

La pili sikulipenda, mlango wa nyuma umebadilishwa na kadi ni nakala. Niliache hivyo.

La tatu, IST ya 2005. Bluu iliyofifia. Namba D. Mwenyewe ni mama wa benki, anahamia Iringa. Fundi akafungua boneti, akanisogeza kwenye kibati cha kiwandani. Sikujua kama haya yote yameandikwa pale! Modeli NCP60. Injini 2NZ. Na chini kabisa, penye TRANS/AXLE: U340E. "Hiyo ndiyo gia boksi yako. Gia nne. Hii naifungua na kuifunga." Akaniambia Vitz za baada ya 2005 ndizo zinazowachanganya watu: sura moja, miaka ile ile, lakini ya lita moja kwa kawaida ni gia nne, na ya 1.3 ya magurudumu mawili ni CVT. Dalali mwenyewe hajui anauza nini. Kibati kinajua.

Tukalitembeza mpaka likapata moto ndipo akachomoa kijiti cha oili ya gia, injini inanguruma, gari liko P. Akapangusa, akachovya, akapaka kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyokolea kidogo, inaelekea kahawia. Akanusa. Akanipa ninuse na mimi. Haikunuka kuungua.

Halafu kipimo ambacho nitakifanya kwa kila gari maisha yangu yote. Mguu kwenye breki, gari limesimama, toa N weka D, hesabu mpaka lishike. Kwa gia boksi za Toyota za namna hii isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Tumepima kwa simu. Limeshika kabla sijamaliza kusema moja.

Lakini barabarani linashtua. Si sana. Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili unalisikia kiunoni. Na nilikuwa nimekaa pale nikimfikiria Mama na mgongo wake.

Milioni tisa na nusu. Atashuka kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Mwera unavuma tangu usiku. Ziwa limechafuka, mitumbwi haijatoka. Mama kalala mchana kutwa, akiamka anaulizia tarehe.

Sijampigia mdogo wangu. Sijui nitasema nini.

Ijumaa, 23 Mei

Songea, na Mama. Ameng'ang'ania kuja. "Nitakalia mimi, nikalichague mimi." Basi nimemchukua, tumelala kwa mama mdogo pale Bombambili.

Vitz ya 2008, 1.3. Kibati kinasema K410: CVT. Safi. Jamani, safi. Viti havijachakaa, rangi ni yake. Mwenyewe ni kijana mpole, ofisa fulani. Akaniachia usukani, tukashika njia ya Mbinga mpaka nje ya mji na kurudi.

Nikiri kwenye daftari hili ambako hakuna anayesoma: nimeipenda. Unakanyaga, injini inapanda sauti mahali pamoja na kutulia pale, na gari linazidi tu kwenda. Hakuna kiungo kinachogonga. Kuna D, kuna S, kuna B ya mteremko. Nilijaribu B kwenye kile kishuko, injini ikashika vizuri. Mama nyuma kimya. Nikadhani amesinzia. Mara akasema, "Hili halinitupi." Akasema tena tulipofika. "Hili halinitupi, mwanangu."

Nikamuuliza kijana: oili ya gia boksi ilibadilishwa lini? "Mwaka juzi." Oili gani? Akafikiria. "Fundi aliweka. Ile ya gia boksi."

Ipi?

Hajui. Na simlaumu, nani anayeuliza? Lakini Toyota waliitengenezea CVT hii oili yake, jina lake liko wazi, CVT Fluid TC, na madukani kwetu kinachojaa rafuni ni dumu la haidroliki nyekundu la magari yote. Fundi wa haraka anamimina lile, gari linatembea, mteja analipa. Linatembea mwezi, linatembea mwaka. Ndani huko mkanda unateleza kidogo kidogo kila siku na hakuna taa inayowaka.

Pengine aliweka yenyewe. Pengine gari ni zima kabisa. Nilivyoendesha, lilikuwa zima.

Mama usingizini anaongea. Nimemfunika.

Jumapili, 25 Mei

Siwezi kulala. Saa nane.

Mwezi umeisha, giza kama la chunguni, na ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa. Nimekaa kibarazani na tochi ya simu.

Nijibishane mwenyewe, niishe.

CVT si mbaya. Wanaosema ni mbovu tu wanasema wasiyoyajua, na mafundi wengine wanaitukana kwa sababu hawakufundishwa. Inakula mafuta kidogo kwa sababu injini inakaa kwenye mwendo unaoifaa. Mama ataipenda. Mdogo wangu atafurahi. Ni changa kwa miaka mitatu.

Lakini. Siku ya kliniki, ndani tupo Mama, mimi, magunia mawili ya dagaa ya mama mdogo (kwa sababu watanipa, hakuna gari linalopanda Mbinga tupu, namna ya kukataa haipo). Mlima. Mwendo mdogo, mzigo mkubwa, jua. Joto la oili linapanda, na oili yenyewe ndiyo inayoshika. Kisha kurudi, mchanga wa kuingia nyumbani. Gurudumu linazunguka bure, linashika ghafla, linazunguka tena. Mkanda ule unabanwa na kuachiwa kwa mishtuko, na hicho ndicho usichokitaka. Konveta yenyewe inameza mshtuko, ndiyo kazi yake. (CVT hii nayo ina konveta mbele ya puli, nimesoma. Inasaidia. Haimalizi.)

Na likifa? Hapo ndipo penyewe. Gia nne likifa, kuna mtu Mbinga anayelifungua, na gia boksi nzima ya IST iliyotumika inapatikana, maana nchi hii imejaa IST kuliko ninavyoweza kusema. CVT likifa naagiza Dar, nabahatisha kama inayokuja nayo si mgonjwa, namtafuta mtu wa kuifunga, na wiki hizo zote Mama yuko hapa. Dawa zina tarehe. Moyo hauna spea ya kusubiri.

Siogopi teknolojia. Naogopa kununua historia nisiyoijua.

Nimesema. Sasa mgongo wa Mama.

Jumatano, 28 Mei

Jibu limetoka kwa fundi, na limetoka kwa swali. Nilimpigia nimwambie kuhusu Mama, kuhusu kutupwa. Akauliza: "Anatupwa gia ikibadilika, au akipita shimo?"

Sikujua. Nikaomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, nikapanda Mbinga na Mama asubuhi. Mwenye IST kakubali. Fundi kakaa nyuma pamoja na Mama, mimi usukani. Tumeshuka kuelekea ziwani kiasi, tukageuza, tukapanda. Kila kitu kilipomsumbua, Mama alimgusa fundi goti. Basi. Ndio mpango wetu wote.

Gia ya kwanza kwenda ya pili: mara chache, pale tu nilipokanyaga kwa pupa. Nilipolegeza mguu wakati wa kubadilisha, hakumgusa. Matuta: kila tuta. Kiraka cha lami: alimgusa. Ukingo wa daraja: alimgusa kwa nguvu.

Shokapu! Za nyuma zimekufa zote mbili, na ya mbele kulia inavuja. Fundi kabonyeza boneti kwa mikono miwili akaachia, gari likacheza juu chini, juu chini, likachelewa kutulia. Na upepo wa matairi umejazwa kupita kiasi, tumesoma kwenye kibandiko cha mlangoni, wamejaza karibu mara moja na nusu. Mgongo wa Mama unaumizwa na vitu vinavyobadilishwa kwa siku moja.

Na ule mshtuko mdogo wa gia? Oili ya zamani inachangia, kasema fundi, hakuahidi kwamba utaisha wote. Namheshimu kwa kutoahidi.

Kushuka nilishusha gia mpaka L pale penye kona kali. Injini ikalia, gari likajishika. Breki nimezigusa tu. Mama akasema, "Mbona linalia?" Nikamwambia linatushika, Mama. Akatulia.

Nachukua IST.

Jioni nimempigia mdogo wangu. Nimemweleza yote, mkanda, oili, mlima, shokapu, kugusa goti. Kimya kirefu. Halafu: "Dada, mimi sikujua kama yangu ina oili yake." Akasema kesho anaenda kuuliza waliweka ipi. Sikumwambia nilivyofurahi. Hela imeingia saa mbili usiku, yote, na zaidi kidogo.

Jumamosi, 31 Mei

Milioni tisa na laki moja. Kadi halisi nimeishika, nimelinganisha namba ya chesisi herufi kwa herufi, mkataba umegongwa muhuri kwa wakili, wiki ijayo kubadilisha jina TRA.

Oili: ATF Type T-IV. Nimeizungukia Mbinga nzima. Duka la kwanza, "Ni zile zile tu, Madam, chukua hii." Hapana. La pili, hapana. La tatu wanayo, makopo yenye vumbi, mzibo haujafunguliwa. Fundi kafungua nati ya chini, zimetoka kama lita tatu, nyeusi-nyekundu. Iliyobaki imekaa ndani ya konveta na haitoki kwa kufungua nati. Kwa hiyo tutarudia baada ya kilomita elfu hivi, na tena, mpaka iwe safi. Amekataa kuisukuma yote kwa mashine mara moja: hatujui ilikaa muda gani, twende nayo taratibu. Akashusha na trei: sumaku zilizo ndani yake zilikuwa na unga laini wa chuma, kijivu. Hakuna kipande hata kimoja. Ameniita niangalie, tumeangalia wote wawili tukiwa tumechuchumaa, goti langu likilia.

Shokapu tatu mpya, ya nne imepimwa ni nzima. Nikasema weka zote nne. Upepo umepunguzwa mpaka namba ya kibandiko. Waya za kubusti zimo butini.

Nimeliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Mguu wa kushoto umekaa tu, mzigo hauna. Watoto wa darasa la nne walinikimbilia kuanzia shuleni mpaka kwangu wakiita Madam! Madam!

Alhamisi, 5 Juni

Tumerudi jana saa mbili usiku, nilikuwa sina nguvu ya kuandika.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Vumbi mpaka Mbamba Bay, pole pole. Mlimani sikulisukuma, nililiacha lichague, likapanda kwa gia ya pili na ya tatu na mimi nikakubali mwendo wake. Magunia ya dagaa ni moja tu, nilishinda nusu ya vita. Kitai malori ya makaa ya mawe yamejipanga, tumesubiri. Peramiho saa nne kasoro.

Daktari ameridhika na presha. Amepunguza dawa moja, ameongeza nyingine. Miezi mitatu, tarehe 3 Septemba.

Mama alilala kutoka Kigonsera mpaka Mbinga. Alilala! Sijawahi kumwona akilala ndani ya gari. Nikaogopa, nikasimama kumwangalia anapumua, akafumbua jicho akauliza kwa nini nimesimama.

Mshtuko wa gia bado upo kidogo likiwa baridi, asubuhi. Likishapata moto siusikii. Nimeandika kilomita za dashibodi ndani ya jalada la daftari hili, na tarehe, na jina la oili kwa herufi kubwa, ili mtu yeyote atakayelinunua kwangu akiuliza ipi, nimjibu.

Mdogo wangu katuma ujumbe: aliyoiweka fundi wake ilikuwa yenyewe. Amepewa risiti aone. Ana furaha kama kashinda kura.

Kumpigia fundi kuhusu sauti ya mbele kushoto nikikata kona yote. Kununua jeki.